Maji ya Kuchemsha na Sumu ya Mwani

Sisi tufundishao hapa Malolo tumewaambia watoto miaka mingi ya kuwa maji ya kunywa sharti yachemshwe. Fundisho hilo ni la kweli, maana moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Lakini siku moja mtoto mmoja alituuliza, “Mwalimu, na maji ya dimbwi yenye utando wa kijani, tukiyachemsha yatafaa?” Tukamjibu upesi, “Yatafaa.” Baadaye tuliposoma habari zake tuliona haya, kwa kuwa tulikosa.

Utando ule ni mwani mdogo mno. Aina zake nyingine hutoa sumu iitwayo mikrosistini, nayo hudhuru ini. Moto hauiondoi, pengine huupasua mwani na kuimwaga sumu majini. Kitambaa cha kuchujia nacho hakiizuii. Wana wa Israeli waliyajua maji ya Mara kwa uchungu wake, lakini sumu hii ulimi hauitambui.

Wala si mambo ya mbali. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo cha Nelson Mandela, Arusha, walitoa habari za mwani huo katika maji ya Ziwa Viktoria watumiayo watu wa Ukerewe. Na huko Caruaru, nchi ya Brazili, mwaka 1996, wagonjwa wa figo walisafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo, wakafa 52. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa mikrogramu 1 katika lita 1 ya maji ya kunywa, yaani gramu 1 katika lita milioni 1.

Mwani hulishwa na mbolea na samadi, hasa penye maji yaliyotulia na jua kali. Basi sisi tulimao vitunguu kwa maji ya mifereji tukumbuke ya kuwa mbolea iliyozidi shambani hushuka na maji mpaka kwa jirani.

Wasomaji wapendwa, tusiache kuchemsha, bali kwanza tuchague maji. Tuteke katika kisima kilichofunikwa, au tukinge ya mvua; yenye utando tuyaache, wala tusinyweshe mifugo humo.

Yule mtoto tulimwita mbele ya wenzake, tukamwambia, “Mwanangu, tulikosa.” Akajibu, “Basi nitamwambia mama leo, maana dimbwini ndiko atekako.”