Viti Viwili Katikati ya Ua: Daftari la Mikelenge

Mji wa Kindu, nchini Kongo (Kinshasa), umekatwa na mto. Sehemu zake mbili, Kasuku na Mikelenge, ziko upande wa magharibi wa Lualaba, Alunguli iko ng'ambo, na anayetaka kuvuka hushuka gatini akatafuta mtumbwi. Maji yanaelekea kaskazini bila haraka. Livingstone alipoyaona Nyangwe, kusini ya hapa, mwaka 1871, alidhani ameushika Mto Naili, na ukisimama ukingoni unamwelewa: mto mpana hivi, unaokwenda kaskazini, ungekwenda wapi pengine?

Ndani ya Mikelenge barabara ni za udongo mwekundu. Baiskeli hupita zikisukumwa badala ya kupandwa, zimefungwa madumu ya mawese kila upande. Wenyewe huyaita mabidoni. Watu husalimiana "Jambo", na hujibiwa "Jambo sana" kwa uzito wote. Kwetu Dar es Salaam salamu hiyo tumewaachia watalii na waimbaji wa hotelini. Hapa mzee wa heshima akikupa "Jambo", ujue umeamkiwa.

Nilikuja kuwaona wanafunzi wa saikolojia wanaoandaa kazi zao za kumaliza masomo. Wanatafiti jambo ambalo kila mganga wa zahanati analijua na hakuna aliyelimaliza: kwa nini mtu mwenye presha huacha vidonge mara tu anapojisikia mzima? Presha ya 140 kwa 90 haiumi wala haiwashi. Mgonjwa anaambiwa ameze dawa maisha yake yote kwa ugonjwa asiousikia mwilini, huku mawazo ya ada za watoto na bei ya mchele anayasikia kila usiku. Vijana hawa wanataka kujua mawazo hayo yanachangia nini katika kuacha dawa.

Nilipouliza maabara iko wapi, mmoja wao alifungua mkoba wa plastiki. Mlikuwa na mashine ya kupimia presha, karatasi za maswali zilizotolewa fotokopi kwenye kibanda cha jenereta, na kadi nne zilizochorwa kwa mkono. Kila kadi ina bilauri: ya kwanza tupu, ya pili ina maji kidogo, ya tatu imefika nusu, ya nne imejaa. Maswali yanatoka kwenye orodha ya Hopkins, yako 25: 10 ya wasiwasi na 15 ya huzuni, na kila moja lina majibu manne kuanzia "hapana kabisa" hadi "sana". Orodha hiyo naijua. Watafiti wa Dar es Salaam waliijaribu kwa Kiswahili miongoni mwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Bilauri ndizo zilikuwa ngeni kwangu. Mama mmoja aliulizwa kuhusu kukosa usingizi. Akazitazama kadi, akaweka kidole kwenye ile iliyojaa, kisha akakisogeza juu kidogo, nje ya picha. Mwanafunzi akaandika "sana", maana karatasi haina nafasi ya kilichomwagika.

Kabla ya kufika kwa mama huyo tulipita kwanza kwa shefu wa kartie na barua yenye muhuri. Hilo halikunishangaza, nasi tuna mwenyekiti wa mtaa. Kilichonishangaza ni mahali pa kukaa. Nilitarajia tuingie ndani na mlango ufungwe, kama tunavyofundishwa kwamba siri ya mgonjwa hulindwa na mlango. Mwanafunzi, binti wa umri ambao ningeweza kumzaa, alichukua viti viwili vya plastiki akaviweka katikati ya ua, mbali na jiko, mbali na ukuta wa jirani, peupe kabisa. Mimi na wenzake tukaachwa barazani. "Papa, ukifunga mlango, mtaa wote utauliza mnaficha nini," aliniambia baadaye. "Pale kila mtu anatuona, na hakuna anayetusikia." Mtoto akikaribia, mazungumzo hugeuka kuwa ya mihogo mpaka aondoke.

Nikakumbuka chumba cha ushauri katika kliniki moja ya kwetu: mlango upo, kitasa kipo, ila ukuta ni wa mbao nyembamba, na walio kwenye benchi husikia hata jina la dawa. Mlango ule ulituridhisha sisi watoa huduma.

Wanafunzi hawa hawajioni wako pembeni mwa dunia. Wanautaja kwa fahari utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa mashariki ya nchi yao: wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, katika vijiji 15. Wahudumu wa kijamii wenye elimu ya sekondari walifunzwa kuendesha tiba ya mazungumzo ya vikao 12, vingi vya kikundi. Miezi sita baada ya tiba, waliokuwa bado na dalili nzito za huzuni au wasiwasi walikuwa asilimia 9, dhidi ya asilimia 42 katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja. Orodha ya Hopkins ilitumika na huko pia. Kijana mmoja alinisomea tarakimu hizo kwenye simu kama anayesoma matokeo ya timu yake.

Ua nao una kasoro zake, na wenyewe huzitaja kabla hujauliza. Mvua ikianguka, siku imekwisha. Mume akirudi mapema, majibu hubadilika. Tena mkoba huwakuta walioko nyumbani tu: waliokwenda machimboni au kufuata biashara mtoni, ambao pengine ndio wanaoacha dawa zaidi, hawamo kwenye karatasi.

Nimejiuliza kama viti viwili vingefaa Dar es Salaam, chini ya mwembe wa kliniki yoyote. Nadhani visingefaa. Mikelenge kila mtu anajua nani kamtembelea nani, kwa hiyo kuonekana hakumgharimu mtu kitu. Siri ni maneno yenyewe. Kwetu, kuonekana tu umeketi na mtu wa saikolojia ni habari tosha, na wengi hukubali kusikiwa na benchi zima mradi uso wao usionekane. Sisi tunajenga vyumba vya kuficha uso, wao wanapima umbali wa sauti. Chumba kizuri kingefanya yote mawili, na fundi akinionyesha ukuta mpya wa kliniki, nitamwomba aingie ndani aseme jambo kwa sauti ya kawaida, nami nikae kwenye benchi nisikilize.