Duara halipigi picha nzuri



Leo najisema mwenyewe. Mimi ni mpaka hina, na kwa kama miaka miwili nilikuwa napakia simu. Hina inataka subira: ukiibandua hutoka rangi ya chungwa, kisha inakoza taratibu mpaka kesho yake au keshokutwa. Mimi sikungoja. Nilipiga picha ikiwa mbichi, inang'aa, nikatuma, nikakaa kuhesabu laiki. Zikiwa nyingi, mimi fundi. Zikiwa chache, narudi nyumbani nimenuna na mume wangu hajui kosa lake.

Mwaka 2021 Instagram waliweka njia ya kuficha hesabu ya laiki. Niliificha siku tatu, nikairudisha.

Kilichoniamsha ni bi harusi mmoja wa shamba. Alitaka hina ya kizamani: ncha za vidole zijazwe, duara katikati ya kiganja, na nyayo. Basi. Nikamshawishi maua mpaka kwenye kiwiko, maana duara halipigi picha nzuri. Akanyamaza, nami nikachukulia kimya chake kuwa ndiyo. Nikapiga picha, nikatuma bila kumuuliza. Laiki zilimiminika kuliko siku zote.

Asubuhi mama yake akanipigia. "Mwanangu, hina ile ya mumewe kuiona. Umewaonesha watu kabla yake." Hakupandisha sauti. Bora angepandisha.

Nilifuta picha, nikaenda kuomba radhi na kurudisha fedha. Radhi walipokea, fedha walikataa. Bi harusi mwenyewe hakutoka chumbani, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Nikamkumbuka Bi Kidude, Mungu amrehemu, aliyetutoka Aprili 2013. Aliimba makumi ya miaka kabla ya kupewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na huku akipaka hina na kutengeneza wanja. Miaka yote hiyo nani alikuwa anamhesabia?

Sijaacha kutuma picha, nisiwadanganye. Wateja wangu wengi wananipata huko. Lakini sasa nauliza kwanza, na wengi husema hapana.

Juzi nimempaka bibi mmoja jirani, ncha za vidole na nyayo tu. Akasinzia huku nampaka. Simu ilikuwa mkobani, na nakiri mkono uliifuata mara mbili. Kesho yake akapita mlangoni kwangu, akavua kandambili, akanyanyua guu.

"Imekoza, au?"

Imekoza, bibi.