Ureno Katika Msimu wa Mvua: Tulipowafuata Wareno Kwao

Ukilitaja jina la Mreno mbele ya mzee wa Mji wa Kale, Mombasa, usishangae akikunja uso kana kwamba Mreno huyo aliondoka juzi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ingali imesimama ufuoni, na mnara wa Vasco da Gama ungali unaitazama bahari kule Malindi. Hata vinywani mwetu Wareno wamo. Meza tunayolia chakula, bendera tunayopandisha shuleni, leso wanazojifunga mama zetu na karata zinazochezwa barazani, majina hayo yote yana asili ya Kireno.

Je, umewahi kujiuliza watu hao walitoka mahali pa namna gani, na wakiwa kwao wanasimulia nini kuhusu safari zao? Swali hilo ndilo lililotutoa Nairobi mimi na mume wangu mwezi wa Novemba, tukaenda kutembea Ureno kwa siku 9.

Haikuwa rahisi kukubaliana. Mume wangu ni mzaliwa wa Mombasa, amelelewa na nyanya yake hatua chache kutoka kwenye ngome hiyo. Nilipomtajia Ureno alicheka, kisha akasema, "Mama watoto, nitoe akiba ya miaka 3 niende kumwamkia Vasco da Gama?" Majuma mawili tulivutana. Mwishowe alikubali kwa sharti moja, kwamba tusiende kustaajabia majumba tu, bali twende na maswali yetu.

Tulichagua Novemba kwa sababu gharama hushuka. Huko Ulaya huo ni wakati wa majani kupukutika, na Ureno huwa imeingia katika msimu wake wa mvua, sawia na vuli yetu. Tofauti ni kwamba mvua ya Ureno hutoka Bahari ya Atlantiki ikiwa na upepo, na upepo huo hauna heshima kwa mwavuli. Wetu wa kwanza uligeuka nje ndani siku ya kwanza, na wa pili haukumaliza siku ya tatu.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda wakati huo chukua koti lisiloingiza maji na viatu vyenye soli ya kushika. Lisbon, mji mkuu, umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tejo, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyolainishwa na nyayo za watu. Vikilowa huteleza kama sabuni. Wenyeji hupanda tramu za manjano zinazokwea vichochoro vyembamba hivi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unaweza kugusa ukuta wa nyumba ya mtu.

Mvua ina faida zake pia. Foleni huwa fupi, wahudumu wana nafasi ya kuzungumza nawe, na kila pembe ya barabara utakuta mtu akichoma castanha juu ya makaa, kama mama zetu wanavyochoma mahindi. Ni kokwa kubwa zenye ladha iliyo karibu na ya kiazi kitamu, nazo hufungwa kwenye karatasi. Ukizitia mfukoni hupasha mikono moto.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu Lisbon ni kwamba sehemu kubwa ya mji wa kale haipo. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, ardhi ilitetemeka. Mawimbi makubwa yakafuata kutoka baharini, kisha moto ukateketeza yaliyosalia. Sehemu ya bondeni iitwayo Baixa ilijengwa upya kwa barabara zilizonyooka chini ya uongozi wa waziri anayejulikana kama Marquês de Pombal. Lakini kanisa la Carmo liliachwa bila paa. Tulisimama katikati yake, nguzo zimetuzunguka, mvua ikitunyeshea ndani ya kanisa.

Siku ya pili tulipanda tramu hadi Belém, mahali ambapo mto unakaribia bahari. Hapa ndipo Vasco da Gama alipong'oa nanga mwezi wa Julai 1497. Kulikuwa na kanisa dogo ambamo mabaharia walisali kabla ya safari. Miaka michache baadaye mfalme alianza kujenga hapo monasteri ya Jerónimos, na gharama zake zililipwa kwa sehemu kubwa na ushuru wa biashara ya viungo iliyofunguliwa na safari hizo. Ukuta wake umechongwa kamba za meli, na ndani, karibu na mlango, limo kaburi la Vasco da Gama mwenyewe.

Kanisa kwa Kireno ni igreja. Wataalamu wa lugha hueleza kwamba hapo ndipo lilipotoka neno letu gereza. Ndani ya Fort Jesus kulikuwa na kanisa, na ngome hiyo baadaye ikawa jela kweli wakati wa Waingereza, hadi mwaka wa 1958. Neno lililoondoka Belém likiwa nyumba ya sala lilipata maana nyingine lilipofika kwetu.

Mume wangu alisimama mbele ya kaburi lile muda mrefu bila kusema kitu. Upande wa pili wa mlango lipo kaburi la mshairi Luís de Camões, ambaye utenzi wake uliochapishwa mwaka wa 1572 unasimulia safari ya da Gama. Mwalimu mmoja alikuwa amewaleta wanafunzi wake kulitazama. Alipotuuliza kwa Kiingereza tumetoka wapi, mume wangu akajibu, "Mombasa." Watoto wakageuka wote. Jina hilo walilifahamu, kwa kuwa katika utenzi ule Mombasa ni mji wa hila na Malindi ni mji wa marafiki.

Mwalimu, kwa adabu, akamwomba aseme neno. Nilikuwa na wasiwasi, maana namjua mume wangu. Lakini alizungumza polepole. Aliwaambia kwamba watu wa Mombasa walikuwa na sababu ya kumtilia shaka mgeni mwenye mizinga, kwani mwaka wa 1505, miaka 7 tu baada ya da Gama kupita, Francisco de Almeida alikuja na merikebu zake akauteka mji, akaupora na kuuteketeza. Akawaambia kwamba aliyemwongoza da Gama kuvuka bahari hadi India hakuwa Mreno. Alikuwa rubani aliyepewa na mfalme wa Malindi, na pwani yetu ilizijua pepo za kaskazi na kusi kabla ya Mreno kuziona. Mwalimu alitafsiri yote.

Msichana mmoja akauliza kama mji huo bado upo. "Upo," akasema mume wangu, "nami nimezaliwa humo." Watoto wakacheka, naye akacheka.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kwenye mnara wa mabaharia, wenye umbo la merikebu na urefu wa mita 52, uliozinduliwa mwaka wa 1960. Umechongwa sanamu za watu 33, wafalme, mapadri, manahodha na wachora ramani. Mwanamke ni mmoja tu. Rubani wa Malindi hayumo.

Msomaji, usidhani Wareno wote wanafurahia kimya hicho. Mwaka wa 2018 kulipokuwa na mpango wa kujenga makumbusho ya "Ugunduzi" jijini Lisbon, wasomi wengi waliandika barua ya wazi kulipinga jina hilo, wakiuliza ni vipi mtu agundue nchi zenye wenyewe. Tena vita vya Angola, Msumbiji na Guinea-Bissau ndivyo vilivyowachosha askari vijana wa Ureno hadi wakaupindua udikteta wao wenyewe tarehe 25 Aprili 1974, wananchi wakiwatilia maua kwenye mitutu ya bunduki. Daraja kubwa jekundu la mto Tejo, lililofunguliwa mwaka wa 1966 kwa jina la dikteta Salazar, leo linaitwa Ponte 25 de Abril. Kwa hivyo Mwafrika aliyepigania uhuru wake alimsaidia Mreno kupata wake.

Siku ya tano tulipanda gari moshi kwenda kusini, pwani ya Algarve, hadi mji wa Lagos. Watalii humiminika huko majira ya jua. Novemba tulikuta bahari imechafuka na viti vya mikahawa vimeinamishwa. Mjini lipo jumba dogo linaloitwa soko la watumwa, ambalo leo ni makumbusho. Mwaka wa 1444 Waafrika 235 walishushwa Lagos na kugawanywa hadharani, mama huku na mtoto kule, na mwandishi wa mfalme aliyaandika hayo. Mwaka wa 2009, mafundi walipokuwa wakichimba mahali pa kuegesha magari, waligundua mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 katika lililokuwa jaa la taka nje ya ukuta wa mji. Baadhi walikuwa wamefungwa mikono. Baadhi walikuwa watoto.

Jioni hiyo hatukuzungumza sana. Chumba chetu kilikuwa baridi na mvua ilipiga dirisha usiku kucha. Mume wangu alipiga simu nyumbani, akaomba asemeshwe na kila mtoto, mmoja mmoja.

Tulimalizia kaskazini, mjini Porto, mwendo wa takribani saa 3 kwa gari moshi kutoka Lisbon. Kituo cha São Bento kimepambwa kwa vigae vya rangi ya samawati vipatavyo 20,000, vinavyosimulia vita na safari za wafalme. Nje, mto Douro unapita chini ya daraja la chuma la mwaka wa 1886, gari moshi la mjini likipita juu na magari chini. Huko tulikunywa caldo verde, supu ya viazi na majani yaliyokatwa membamba. Mume wangu alikoroga, akaonja, akatangaza kwamba ni sukuma wiki iliyosoma. Bacalhau nayo, samaki mkavu wa chumvi anayependwa nchi nzima, ingemkumbusha Mswahili yeyote ng'onda wa kwao.

Wenyeji tuliowakuta walikuwa wapole. Mama mwenye mkahawa alitundika makoti yetu karibu na jiko lake yakauke, akakataa malipo ya kahawa ya pili. Watu hawa si Almeida, wala sisi si waliochomewa mji.

Basi ukijaliwa kwenda, msomaji, au mwanao akipata nafasi ya kusoma huko, usikatazwe na mvua wala na historia. Lakini kabla ya safari mpeleke kwanza Fort Jesus na kwenye mnara wa Malindi, ayajue yaliyotokea merikebu zilipotia nanga upande wetu. Minara ya Belém inasimulia jinsi walivyoondoka. Jinsi walivyofika, hiyo ni hadithi ambayo sharti mgeni aibebe mwenyewe kutoka nyumbani, na akiulizwa, aisimulie bila hasira na bila kupunguza neno.