Kumpa Uhai Mtu wa Kitabuni

Mtu wa kitabuni hana damu wala pumzi. Amelala katika maandishi kama mbegu ghalani, naye aweza kulala humo miaka mia nne asiote. Wa kumwamsha ni mwigizaji. Kazi hiyo huitwa mchezo, lakini si ya mchezo. Katika insha hii nataka kueleza jinsi waigizaji wa zama zetu wanavyowaamsha watu waliotungwa na William Shakespeare, mtunzi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1616.

Kwanza yafaa tujue watu hao walizaliwa wapi. Jumba la Globe, lililojengwa London mwaka 1599, lilikuwa wazi katikati. Michezo ilichezwa mchana, na watu wa kipato kidogo walitazama wamesimama karibu kabisa na jukwaa. Mwigizaji hakupewa kitabu kizima. Alipewa maneno yake, pamoja na maneno machache ya mwenziwe ya kumjulisha wakati wa kujibu. Sehemu za wanawake zilichezwa na wavulana. Desturi hizo zimepita. Mwigizaji wa leo amerithi maneno, na katika maneno hayo hana budi kumtafuta mtu mzima.

Basi huanza na maneno. Sehemu kubwa ya michezo hiyo imetungwa kwa mistari ya mizani kumi kumi, isiyo na vina. Sisi tuliolelewa na mashairi ya mizani kumi na sita twafahamu kwamba mizani ni pumzi. Mstari ukikatika katikati, huenda mtu ameshtuka, amekasirika, au ameficha neno. Mwigizaji hodari husikiliza mizani kama tabibu asikilizavyo mapigo ya moyo.

Baada ya maneno huja mwili. Mwaka 1984 Antony Sher, mzaliwa wa Cape Town, alicheza Richard III mjini Stratford-upon-Avon. Mfalme huyo wa mchezoni ana kibyongo, tena ni mwuaji, na adui zake humfananisha na buibui. Sher alishika magongo mawili akaenda nayo kwa kasi ya kutisha, hata akaonekana kiumbe wa miguu mingi. Tusi la adui likageuka nguvu yake. Mtu ambaye wengine wangemcheka akawa mtu wa kuogopwa.

Lakini maneno na mwili havitoshi. Pana jambo la tatu, nalo ni ukweli wa moyo. Othello ni jemadari mweusi anayeitumikia Venice. Mji ule unamtaka vitani, lakini haumtaki awe mkwe. Kwa muda mrefu sehemu yake ilichezwa zaidi na wazungu waliojipaka rangi nyeusi. Mwaka 1987 John Kani aliicheza katika jumba la Market Theatre, Johannesburg, chini ya uongozi wa Janet Suzman. Sheria ya Afrika Kusini iliyokataza ndoa za weusi na weupe ilikuwa imefutwa mwaka 1985 tu, na ubaguzi ulikuwa ungali unatawala. Kani hakuwa na haja ya kubuni dharau aliyotendewa Othello, alikuwa akiijua. Alipomkumbatia Desdemona mbele ya watu, wako watazamaji walioinuka wakatoka. Mtu aliyetungwa zaidi ya miaka mia tatu na themanini nyuma alikuwa hai kiasi cha kuwafukuza watu vitini.

Mimi ni mwalimu, nami nimelijaribu jambo hili darasani. Tulipokuwa tukisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, wanafunzi wangu walimzomea Shylock kila alipofumbua kinywa. Myahudi, mkopeshaji, mwenye kisu: alikwisha kuhukumiwa kabla ya kesi. Nikaagiza kwamba anayetaka kusoma sehemu yake ajibu kwanza maswali matatu. Mtu huyu anataka nini? Amepoteza nini? Nani amemtemea mate?

Alijitolea kijana mmoja mkimya, ambaye wenzake walizoea kuiga lafudhi yake kwa dhihaka. Alipofika mahali Shylock anapodai kwamba mwili wake huumia kama miili ya wengine, hakupaza sauti. Alisoma polepole, kwa lafudhi yake ile ile. Hapana aliyezomea. Kisha binti mmoja akauliza, "Mwalimu, basi tumsamehe kisu chake?"

Nikamjibu, "La, mwanangu. Kisu ni kisu. Lakini sasa unajua kilinolewa wapi."

Wazee walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwigizaji ni mtu anayekubali kulala katika kitanda cha mwingine.

Wako wasemao kwamba watu hawa ni wageni kwetu. Mwaka 2012 jumba la Globe, lililojengwa upya na kufunguliwa mwaka 1997, lilipokea michezo ya Shakespeare katika lugha 37. Kiswahili kilikuwamo. Kikundi kutoka Kenya kilicheza kisa cha wanawake wa Windsor, na Mrisho Mpoto wa Tanzania akawa Falstaff, yule mzee mnene anayewaandikia wake za watu wawili barua moja, akaishia kutupwa mtoni ndani ya kapu la nguo chafu. Je, mzee wa namna hiyo ni mgeni katika mtaa gani wa kwetu?

Enyi vijana, siku mtakapopewa sehemu ya kucheza, msiikariri kama kasuku. Ulizeni mtu huyo anataka nini, na anaumia wapi. Na mkisha kuzoea kumwuliza hivyo mtu wa kitabuni, mwulizeni vivyo hivyo na yule anayeketi dawati la pili, kabla hamjamzomea.