Riziki ya Wasioonekana

Nilipoambiwa kuwa nina kisukari, nikiwa na miaka 53, nilichokililia kwanza ni wali wangu. Daktari, binti aliyesoma chuoni kwetu utotoni, aliniacha nikalalamika, kisha akasema, "Maalim, kuna na wengine unaopaswa kuwalisha."

Alikusudia bakteria wa matumboni. Wamekadiriwa kufika trilioni 38, idadi inayokaribiana na seli zote za mwili wa mtu, na wengi wao wamo katika utumbo mpana. Tambi za sukari na mahamri niliyofuturia miaka yote hayakuwafikia kwa sehemu kubwa, kwani humalizikia utumbo mwembamba na kuingia damuni. Riziki yao ni nyuzinyuzi tusizoweza kuzisaga sisi: maganda ya mbaazi na kunde, mchicha, mtama usiokobolewa. Wao huzichachusha (na huko ndiko itokako ile gesi inayotuvunjia udhu), wakatoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuamsha homoni za kutuliza njaa na kudhibiti sukari. Wakikosa riziki hiyo, baadhi yao huugeukia ute unaoukinga ukuta huo, wakaula.

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichukua panya waliolelewa bila kijidudu chochote, wakawatia bakteria wa panya wa kawaida. Katika wiki mbili mafuta ya miili yao yaliongezeka kwa asilimia 60 hivi, na insulini ikapungua nguvu, ilhali chakula walichokila kilikuwa kidogo kuliko awali. Panya si binadamu, wala asiache mtu dawa zake kwa kunisoma mimi; zangu ningali nazimeza. Ila niliacha kuudhania mwili kuwa gunia linalojazwa na kupunguzwa.

Jambo lililoninyima usingizi, hata hivyo, ni la maziwa ya mama. Ndani yake mna sukari za aina ambayo mtoto mchanga hawezi kuisaga. Hupita zikafika utumbo mpana, zikawalisha bakteria wema wanaomlinda. Miaka mingi nimeifundisha aya ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na mjukuu wangu wa kwanza alipoanzishiwa uji katika mwezi wa pili, nilikuwa nimeketi papo hapo sebuleni. Nilinyamaza, nikiona kuwa hayo ni mambo ya wanawake.

Sasa ahli yangu huroweka kunde usiku wa kuamkia Jumatatu, na baada ya saumu wali huwa kiasi cha ngumi yangu pembeni mwa sahani. Binti yetu ana mimba ya pili. Nimekwisha kuzungumza naye, na mabibi zake nimewaendea mmoja mmoja, kwamba hadi mtoto atimize miezi sita, sufuria ya uji isiingie chumbani humo.