Mstari Mweupe

Mboko ni kijiji kikubwa katika nchi ya Fizi, kando ya ziwa Tanganyika. Nyuma yake imesimama milima mirefu. Mbele yake ni maji, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Burundi. Barabara itokayo Uvira kwenda Baraka hupita hapo, lakini watu wenye mizigo mingi mara nyingi husafiri kwa boti.

Ziwa hilo si dogo. Urefu wake wapata kilomita 670, na penye kina kirefu kabisa maji hushuka mita 1,470. Duniani pote liko ziwa moja tu lenye kina kulipita hili, nalo ni Baikal, katika nchi ya Urusi.

Katika Mboko walikaa mume na mke wenye watoto wanne. Mume aliendesha boti ya mbao yenye moteri, mali ya mtu mwingine. Mke alikuwa mkulima. Tena siku za safari alipanda boti pamoja na mumewe, akihesabu watu na mizigo na kupokea nauli.

Mvua za mwaka 2024 zilikuwa nyingi kupita kiasi, na maji ya ziwa yakapanda. Huko Uvira, Kalemie na Bujumbura maji yaliingia hata nyumbani mwa watu. Bustani ya mume na mke wale ilikuwa karibu na ufuko. Ikafunikwa yote.

Mume akasema, "Mama watoto, mwaka huu hatuna bustani. Tutegemee boti tu."

Mke akajibu, "Baba watoto, boti ni ya mtu, jembe ni letu. Tutafute mahali pengine."

Alikuwa na sababu. Binti yao mkubwa alikuwa amemaliza shule ya msingi. Shule za msingi za serikali hazilipishi karo tangu mwaka 2019, lakini sekondari hulipwa. Mwezi wa tisa binti alipaswa kuanza, naye alitamani sana kuanza.

Mjomba wa mke akawapa kipande cha shamba huko juu, karibu na kijito. Palikuwa na majani marefu na mawe. Wakang'oa majani, wakatoa mawe, wakalima kwa kina. Mwanzo wa mwezi wa tano walikuwa wamekwisha kusia mbegu za nyanya na vitunguu katika kitalu nyuma ya nyumba. Walikifunika kwa makuti, jua lisichome miche michanga. Kiangazi kilipoingia, mwezi wa sita, wakahamisha miche jioni, wakati jua limepungua nguvu. Kando ya kijito wakapanda lengalenga, maana mboga hiyo hukomaa upesi: kwa majuma matatu au manne tu watoto walikuwa wakiila pamoja na bugali.

Katika kiangazi mvua hainyeshi, basi bustani hunywa kwa mkono wa mtu. Kila asubuhi na kila jioni walichota maji kijitoni kwa ndoo. Wakatoboa matundu madogo katika kopo kuukuu, maji yakaanguka polepole kama mvua, bila kulaza miche. Wakaweka majani makavu chini ya kila mche, ili udongo usikauke upesi.

Siku tatu za kwanza za juma zilikuwa za bustani. Siku tatu zilizofuata zilikuwa za boti, na watoto ndio walionywesha miche. Siku ya Mungu wote walipumzika.

Kazi ya boti ilikuwa na hatari yake. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini huvuma kwa nguvu juu ya ziwa. Boti iliyojaa sana, maji yakitulia, huonekana kuwa salama. Lakini upepo ukija, mawimbi huinuka. Na ubavu ulio karibu na maji huyapokea ndani. Watu wakiogopa, hukimbilia upande mmoja. Hapo boti hupinduka.

Kwa sababu hiyo mume alikuwa amepaka mstari mweupe ubavuni mwa boti, nje. Maji yakigusa mstari, mzigo umetosha. Jambo hili si geni. Zamani huko Uingereza merikebu nyingi zilizama kwa kupakiwa kupita kiasi. Mtu mmoja wa bunge, Samuel Plimsoll, aliwatetea mabaharia bila kuchoka, hata mwaka 1876 sheria ikaamuru merikebu zichorwe alama ya mzigo ubavuni. Hata leo merikebu kubwa za baharini zina alama hiyo.

Katikati ya mwezi wa nane nyanya za kwanza zikaiva, nyekundu na nzuri. Mume na mke wakajaza vikapu vikubwa kumi. Bei ya Uvira ilikuwa mara mbili ya bei ya Mboko. Mke akapiga hesabu: vikapu kumi vikiuzwa Uvira, karo yote imepatikana.

Asubuhi, kabla ya jua kuchomoza, wakapakia. Vilitangulia vikapu vyao, kisha magunia ya mihogo ya wafanyabiashara, kisha watu. Mwisho akaja mama mmoja mbio, amembeba mtoto mgonjwa, na karatasi ya kumpeleka hospitali Uvira. Wakampokea. Mke akainama akatazama ubavu wa boti. Mstari mweupe haukuonekana, ulikuwa umezama.

Akasema, "Baba watoto, mzigo umezidi."

Mwenye boti alikuwapo siku ile. Akacheka, akasema, "Mama, ziwa limelala kama mafuta katika sahani. Twendeni! Watu wamekwisha kulipa."

Abiria wakaanza kunung'unika. Wenye magunia wakasema, "Sisi tumelipa, magunia yetu hayashuki." Mama wa mtoto mgonjwa hakusema neno, aliuinamisha uso wake, akaogopa kuwa ni yeye atakayeshushwa.

Mke akanyamaza kidogo. Kisha akashika kikapu cha nyanya, akakitua mchangani. Akashika cha pili. Mumewe akamtazama, akaelewa, naye akashuka majini kumsaidia. Wakashusha vyote kumi. Mstari mweupe ukatokea tena juu ya maji. Mke akamwita binti yake aliyesimama ufukoni, akamwambia, "Mwanangu, uza hapa utakavyoweza." Boti ikaondoka.

Walipokuwa wamekwenda zaidi ya nusu ya njia, upepo ukavuma. Mawimbi yakainuka, yakapiga ubavu wa boti. Maji yakarukia ndani, watu wakapiga kelele. Mke akawaambia, "Kaeni chini, kila mtu mahali pake!" Wakakaa. Wengine wakatoa maji kwa makopo na kwa sufuria zao. Mume akapunguza moteri, akaelekeza kichwa cha boti kwenye mawimbi, asiyapokee kwa ubavu. Mara nyingi maji yalifika karibu kabisa na ukingo. Vidole vinne tu vilibaki. Mwenye boti alishika mbao kwa mikono miwili wala hakucheka tena. Hata wakafika Uvira, wamelowa, lakini wazima wote.

Mume na mke waliporudi Mboko, walimkuta binti yao ameketi penye mkeka. Nyanya nyingine alikuwa ameziuza, tena kwa bei ndogo, maana siku ile watu wengi walileta nyanya sokoni. Zilizobaki alikuwa amezikata, akazitia chumvi na kuzianika juani. Akampa mama yake fedha. Wakazihesabu mara mbili. Hazikufika nusu ya karo.

Binti akasema, na machozi yalikuwa karibu, "Mama, mngalishusha magunia ya wale watu."

Mama akajibu, "Magunia yalikuwa ya watu, mwanangu. Nyanya zilikuwa zetu. Mtu huacha kilicho chake."

Baba hakusema kitu. Kesho yake akaamka mapema kuliko siku zote, akaenda kunywesha vitunguu.

Nyanya zilizoiva baadaye zikaongeza fedha kidogo. Mwezi wa tisa ulipofika, walikuwa na nusu ya karo. Baba akaenda kwa mkubwa wa shule, akamweleza habari yote, akaomba kungojewa hata vitunguu vitakapong'olewa. Wakakubaliwa. Binti akaanza masomo pamoja na wenzake. Mwishoni mwa mwezi ule vitunguu vikang'olewa, vikakaushwa, vikauzwa Uvira, na deni likalipwa lote.

Na mwenye boti? Hakuwashukuru kwa maneno mengi. Lakini tangu siku ile, mtu akileta gunia la kuzidi, yeye mwenyewe huinama kwanza akatazama ubavu. Na kabla mvua hazijaanza, mume aliupaka mstari ule upya. Kopo la rangi lilinunuliwa na mwenye boti.

Watoto, ninyi mnaokaa kando ya maji, mkitaka kupanda boti, tazameni kwanza ubavu wake. Ukiwa karibu na maji, msipande, hata ziwa likiwa limelala. Kungoja boti nyingine si hasara kubwa. Na mkisafiri, upepo ukivuma, kaeni chini, kila mtu mahali pake.