Delta ya Rufiji: Hesabu za mzazi kabla mtoto hajaanza shahada ya fedha

Basi linalotoka Mbagala Rangi Tatu kwenda kusini hupita Vikindu, Mkuranga na Kimanzichana kabla ya kufika Jaribu Mpakani, ambako Wilaya ya Kibiti inaanzia. Pande zote za barabara ni mikorosho, minazi na mihogo. Pale Bungu njia huchepuka kushoto kwenda Nyamisati, na ukifika huko gari haliendi tena. Anayekwenda Salale, Msala au Kiongoroni hupanda boti, na boti husubiri maji yajae.

Hiyo ndiyo delta. Mto Rufiji hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, mkabala na Kisiwa cha Mafia, na katikati ya mikono hiyo kumesimama mikoko ambayo haina mfano katika pwani ya Tanzania. Watu wake huvua kamba, kaa na samaki, hulima mpunga, na msimu wa kulinda mpunga huishi juu ya dungu.

Wageni wengi hulijua eneo hili kwa sababu ya manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyoishia humu Julai 1915. Wazazi wa hapa wana habari zao. Mojawapo ni ya kijana aliyemaliza kidato cha sita na kusema anataka kwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya fedha. Swali la kwanza nyumbani huwa moja: fedha ya kusomea fedha itatoka wapi?

Kijiji kina somo lake

Mtoto wa delta haendi chuoni akiwa mtupu. Amekulia kwenye nyumba ambayo kipato hupanda na kushuka kama maji. Bamvua likiwa zuri kuna pesa ya kitoweo na ya duka. Maji mafu yakija, mama anategemea akiba ya kibubu au zamu yake ya upatu.

Amemwona pia tajiri anayemkopesha mvuvi wavu kwa sharti la kumuuzia yeye mzigo wote. Chukua mfano wa hesabu tu: wavu ni Sh300,000, kamba sokoni ni Sh12,000 kwa kilo, lakini tajiri anamlipa mvuvi Sh9,000. Kila kilo inamtoa mvuvi Sh3,000. Akifikisha kilo 100 ameshalipa thamani ya wavu, na deni la wavu bado liko palepale. Hakuna aliyetaja neno riba, ila riba imelipwa.

Kwenye korosho kuna kangomba, yaani mkulima mwenye shida kuuza mzigo mapema kwa bei ya hasara nje ya utaratibu wa mnada. Kuna na somo la kusubiri. Novemba 2018 serikali iliagiza jeshi kununua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo baada ya wafanyabiashara kutoa bei ndogo. Bei ilikuwa nzuri, lakini wapo wakulima waliosubiri malipo kwa miezi, na ada za watoto hazikusubiri. Darasani hili huitwa thamani ya fedha kwa wakati: shilingi ya leo na shilingi ya miezi sita ijayo si shilingi moja.

Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyosomba mazao na kuhamisha familia Rufiji na Kibiti, ni somo jingine. Mwalimu ataliita usimamizi wa majanga na bima. Mtoto wa hapa anajua tayari maana yake pale shamba lote linapolala chini ya maji na hakuna wa kufidia.

Mlango wa kwanza ni hisabati

Shahada ya fedha hufundisha namna ya kupima mradi, kusoma hesabu za kampuni, kukopesha bila kupata hasara, na jinsi benki, bima, mifuko ya hifadhi ya jamii na Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, vinavyofanya kazi. Nyuma ya yote hayo kuna hisabati na takwimu.

Kwa hiyo safari haianzii kidato cha sita. Mzazi anayesikia "hesabu zimenishinda" mtoto akiwa kidato cha pili asicheke. Tahasusi kama ECA, ambayo ni Uchumi, Biashara na Uhasibu, au EGM, ambayo ni Uchumi, Jiografia na Hisabati, ndizo njia za kawaida. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni alama kuu mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Kozi nyingi huongeza masharti yake juu ya hapo, hasa ufaulu wa hisabati kidato cha nne.

Aliyeishia kidato cha nne naye hajafungiwa. Anaweza kuanza na cheti, akaenda stashahada, kisha shahada. Ni njia ndefu zaidi, lakini wengi wamepita huko na wamefika.

Wapi kwa kusoma

Chuo kinachotajwa kwanza ni Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972. Kipo katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na Makumbusho ya Taifa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shule yake ya biashara pale Mlimani. Chuo Kikuu Mzumbe mkoani Morogoro kinafundisha uhasibu na fedha kwa pamoja. Kuna pia Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, na Taasisi ya Uhasibu, TIA. Anayefanya kazi na hawezi kuiacha ana Chuo Kikuu Huria. Kwa kawaida shahada hii huchukua miaka mitatu.

Mzazi asiangalie ada pekee. Chumba cha Dar es Salaam, nauli ya daladala, kompyuta na chakula cha wikiendi vinaweza kuikaribia ada yenyewe. Mwenye ndugu wa kuaminika Mbagala au Temeke amepunguziwa mzigo, mradi yule ndugu ameulizwa mapema, asipewe taarifa siku mtoto anashuka na begi.

Mkopo ni deni

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005, na kwa familia nyingi za Pwani bila bodi hiyo chuo ni ndoto. Hutoa mkopo kwa kuangalia uhitaji, hivyo marafiki wawili wa darasa moja wanaweza kupata viwango tofauti. Tangu 2022 fedha ya chakula na malazi ni Sh10,000 kwa siku.

Kinachowaangusha wengi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa aonyeshe cheti cha kifo, na vijijini watu wengi huzikwa bila cheti hicho kuchukuliwa. Kukifuatilia ofisini wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa, huku nyumbani ni safari ya boti na basi, ni mateso. Kifuatiliwe mtoto akiwa kidato cha tano.

Na mkopo hulipwa. Mhitimu hupewa miaka miwili, kisha akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa Sh700,000 anakatwa Sh105,000 kila mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, lakini deni lenyewe lipo. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kijana aambiwe hivyo kabla hajasaini.

Kalenda mbili zisizokutana

Hapa ndipo penye uzito kwa familia za Kibiti. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na chuo hufunguliwa Oktoba au Novemba. Mpunga na ufuta hupata pesa katikati ya mwaka. Minada ya korosho huanza Oktoba, na malipo hufuata baadaye. Maana yake ni kwamba pesa ya ufuta inakuja mapema na huliwa, na pesa ya korosho inachelewa.

Hata mwenye mkopo hapokei fedha siku anayofika. Husajiliwa kwanza, husaini, ndipo fedha huingia. Wiki za mwanzo anahitaji pesa mkononi. Familia inayotenga fungu la ufuta mwezi Julai, likawekwa mahali ambapo halishikiki kirahisi, haitagonga mlango wa mkopo wa kausha damu mwezi Oktoba.

Kosa kubwa zaidi ni kuuza shamba la mikorosho ili kulipa mwaka wa kwanza. Shamba lile lingeleta pesa mwaka wa pili, wa tatu, na miaka ambayo mdogo wake naye atafika kidato cha sita. Likishauzwa, mdogo huyo, na mara nyingi ni msichana, ndiye anayeambiwa abaki nyumbani.

Baada ya kuhitimu

Shahada haimaanishi kiti cha benki. Wahitimu wa fedha ni wengi, na waajiri hutafuta kitu cha ziada: mafunzo kwa vitendo, uwezo wa kutumia kompyuta, au cheti cha CPA kinachotolewa baada ya mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Mzazi asimhesabie kijana mshahara wa mwezi wa kwanza kabla hajaupata.

Lakini kazi ya fedha haipo Dar es Salaam tu. Vyama vya msingi vya wakulima, AMCOS, vinahitaji vitabu vinavyosomeka. Vikundi vya vikoba vinahitaji mtu wa kugawa faida bila ugomvi. Wavuvi wanahitaji mtu wa kuwaonyesha kwa kalamu kwamba wavu walioupata kwa tajiri wameulipa mara tatu, na kwamba kikundi cha watu kumi kingeweza kuununua kwa msimu mmoja.

Kijana anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa likizo ya mwaka wa kwanza, kabla hajavaa joho. Akirudi nyumbani, mzazi amkabidhi daftari la mauzo ya korosho na amwombe alisome kwa sauti, mbele ya wadogo zake.